Hayupo, Yuko, Yumo

Katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, reli ya Muroran hupita chini ya milima inayoshuka wima hadi baharini. Treni hutoka kwenye handaki moja, huona mwanga kwa mita zisizofika 100, kisha huzama katika handaki jingine. Katika mwanga huo mfupi pana stesheni iitwayo Koboro. Hakuna barabara ya gari inayofika hapo, wala kijiji, wala duka. Mkuu wa stesheni hayupo, mkata tiketi hayupo, mlinzi hayupo. Treni za haraka hupita bila kusimama. Lakini mara chache kwa siku treni ya kawaida husimama na kufungua milango, hata kama hakuna anayeshuka wala anayepanda.

Wajapani wana jina la stesheni za namna hii: mujin-eki. Mu ni kutokuwepo, jin ni mtu, eki ni stesheni. Leo karibu nusu ya stesheni za nchi hiyo ni za aina hii. Vijana wamehamia mijini, vijiji vimezeeka, na waliobaki wengi wana magari yao. Tena tarehe 1 Aprili 1987 shirika la reli la taifa liligawanywa kuwa kampuni, na kampuni huhesabu gharama ya kila mshahara. Hivyo dirisha moja la tiketi lilifungwa baada ya jingine.

Najiuliza: aliyeondoka pale dirishani amekwenda wapi? Kiswahili hunisaidia kuliuliza swali hili. Mgeni akibisha hodi huuliza, "Mwenyewe yupo?" Anaweza kujibiwa "hayupo," na hapo mazungumzo yamekwisha. Anaweza kuambiwa "yuko shambani," na akajua kwamba akingoja atamwona. Au ataambiwa "yumo ndani," na akakaribishwa. Lugha yetu haikuridhika na neno moja la kuwepo. Ilitaka kujua ni kuwepo kwa namna gani: hapa penyewe, huko mbali, au ndani ya kitu.

Tuanze na hayupo. Paka akiondoka, panya hutawala, walisema wahenga, na methali hiyo imebeba nadharia nzima kuhusu binadamu: kwamba adabu yetu ni hofu ya jicho linalotutazama. Kama ni kweli, stesheni isiyo na mtu ingekuwa pango la wasiolipa nauli. Udanganyifu upo, na Wajapani wenyewe wana neno lake, kiseru, yaani kiko. Kiko chao cha kale kina chuma kwenye ncha mbili na mwanzi katikati. Mdanganyifu naye hulipia ncha mbili za safari na kuiba katikati. Hata hivyo treni za mashambani zinaendelea kukusanya nauli, na sababu haiko katika wema wa asili peke yake. Abiria hupandia mlango wa nyuma na kuchomoa kikaratasi chenye namba. Mbele, juu ya kichwa cha dereva, ubao unaonyesha nauli ya kila namba. Anaposhuka, hutumbukiza kikaratasi na sarafu katika sanduku lililo kando ya dereva. Kazi ya mkata tiketi na kondakta imepanda ndani ya treni na kukaa juu ya mabega ya mtu mmoja. Kumbe hayupo stesheni, lakini yuko njiani anakuja.

Koboro yenyewe ina yuko mwingine. Ilianza mwaka 1943, wakati wa vita, kama kituo cha kupishania treni, kwa sababu reli hapo ilikuwa ya njia moja. Mwaka 1987 ikawa stesheni ya abiria. Mwaka 2015 kampuni ya reli ilitaka kuifunga, lakini mji mdogo wa Toyoura, ambao Koboro imo katika eneo lake, ukakubali kubeba gharama za matunzo. Mji ulikuwa na sababu: watu husafiri kutoka mbali ili wafike tu mahali palipojificha namna ile. Lakini sababu yoyote iwayo, mtunzaji wa Koboro yuko Toyoura, na anakatwa kodi kwa ajili yake.

Kisha yumo. Ratiba iliyobandikwa ukutani ni neno la mtu: saa fulani, dakika fulani, nitakuja. Ahadi ni deni, na deni hili hulipwa hata siku ambayo hakuna wa kulidai. Aliyeliandika yumo ndani yake, kama vile aliyefagia yumo katika jukwaa safi analolikuta mgeni. Hapa ndipo ninaposhawishika kusema kwamba mtu hahitajiki kusimama mahali ili awepo, na kwamba utunzaji ukishawekwa ndani ya vitu unaweza kutuhudumia peke yake.

Lakini mwaka 2020, katika mkoa wa Oita kusini mwa Japani, watu wenye ulemavu walikwenda mahakamani kupinga kuondolewa kwa wahudumu stesheni. Anayetumia kiti cha magurudumu anahitaji mkono wa kumwekea daraja dogo kati ya jukwaa na behewa. Pasipo mhudumu, hulazimika kuomba msaada mapema, wakati jirani yake anatoka nyumbani saa yoyote apendayo. Kwake yeye, hayupo ni hayupo. Yuko na yumo havimpandishi kwenye treni.

Kesi ile ilinirekebisha. Utunzaji uliomo ndani ya vitu ni wa jana: unamhudumia yule aliyetarajiwa wakati vitu vinatengenezwa. Ratiba haioni kwamba leo umekuja na mguu uliovunjika, wala sanduku la nauli halisikii ukisema umepotea. Jambo lisilotarajiwa linataka mtu aliyepo, mwenye macho ya kuona leo. Kwa hiyo swali la kuuliza mahali popote panapoondolewa watu ni hili: nikija na haja ambayo hakuna aliyeiwazia, nani atakuja, na atatoka umbali gani?

Narudi Koboro. Treni imesimama kati ya giza na giza, milango iko wazi, jukwaa ni tupu. Kabla ya kuifunga, dereva hutupa macho jukwaani kuhakikisha hakuna anayeachwa. Kwa sekunde hizo chache stesheni isiyo na mtu inaye mtu, naye anatazama kama wewe upo.