Kifurushi cha Mpishi: Nani Mwenye Sikukuu?

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Shuleni tulifundishwa kwamba anayefanya kazi kwa taabu atastarehe baadaye. Lakini methali hii inachukulia kwamba mtu ni mmoja, yaani aliyechuma juani ndiye atakayekula kivulini. Tuseme nini basi, pale ambapo mmoja anachuma juani na mwingine anakula kivulini? Insha hii inauliza kama raha ya sikukuu nyumbani ni njema kimaadili ikiwa aliyeiandaa hana nafasi ya kuishiriki. Nitatumia mfano wa Krismasi hapa Uganda kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, ingawa mtu wa Idi pia anaweza kujiuliza swali hilohilo.

Kwanza ni lazima tukubali kwamba raha yenyewe ni njema. Mwezi wa Desemba ukifika, jiji la Kampala hupungua watu. Vituo vya mabasi hujaa, nauli hupanda, na wasafiri hubeba mikate na sukari za kuwapelekea wazee kijijini. Huko nyumbani ua hufagiwa, nyasi hufyekwa, na mikeka mipya hutolewa. Watu huketi pamoja wakimenya matoke hadi vidole vinakuwa vyeusi kwa utomvu. Ndizi hizo hufungwa katika majani ya mgomba na kuiva polepole kwa mvuke, kisha hupondwapondwa zikiwa bado ndani ya majani na kurudishwa motoni.

Halafu kuna luwombo. Jani la mgomba hupitishwa juu ya moto ili lilainike lisipasuke. Ndani yake hutiwa vipande vya kuku na mchuzi wa karanga, jani likafungwa kama kifurushi, na chakula kikapikwa kwa mvuke kwa saa kadhaa. Husimuliwa kwamba upishi huu ulianzia jikoni mwa Kabaka Mwanga, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa desturi, kila mlaji hupewa kifurushi chake. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Kwa nini chakula hiki kina thamani kuliko kile kinachonunuliwa hotelini? Si utamu peke yake, kwa sababu wapo wapishi wa hoteli wanaopika vizuri kuliko mama zetu. Nafikiri thamani yake ni wakati. Anayefungua kifurushi cha luwombo anajua kwamba kuna mtu aliyeamka usiku kwa ajili yake na kukaa na moshi. Kwa hiyo chakula cha nyumbani hutushibisha mara mbili: tumboni, na moyoni kwa kujua kwamba tumekumbukwa. Thamani ya pili ni ya kimaadili, maana inahusu uhusiano wa mtu na mtu.

Lakini tukikubali hoja hiyo, hatuwezi kukwepa swali linalofuata. Ikiwa utamu wa sikukuu ni wakati wa mtu, mtu huyo ni nani, na wakati huo aliutoa vipi?

Katika nyumba nyingi za mjini, mtu huyo si mama wala shangazi, bali ni msichana wa kazi. Nilizungumza na mmoja ambaye sasa ameacha kazi hiyo na anauza mboga karibu na hosteli yetu. Alitoka Teso akiwa na umri wa miaka kumi na saba, akafanya kazi katika nyumba moja ya Kampala kwa Krismasi tatu. Alijifunza kupika luwombo mpaka wageni wakamsifu mwenye nyumba. Nilipomuuliza anakumbuka nini kuhusu siku hizo, alinijibu, “Dada, Krismasi ndiyo siku niliyoosha sahani nyingi kuliko siku zote.” Kwao Teso huliwa atapa, yaani ugali wa ulezi na muhogo, pamoja na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Katika miaka yote mitatu, hakuna aliyemuuliza kwao wanakula nini.

Simulizi hilo halina ukatili wowote. Hakupigwa, na mshahara alilipwa. Ndiyo maana linafaa kwa mjadala wetu, kwa kuwa ukatili hauhitaji falsafa. Kila mtu anajua kwamba ni mbaya. Kinachohitaji kufikiriwa ni hali hii ya kawaida, ambapo watu wema wanakaa mezani wakimshukuru Mungu kwa chakula, na aliyekipika amesimama jikoni akisubiri sahani zirudi.

Wapo watakaosema kwamba msichana analipwa, na malipo ni haki yake yote. Hoja hii ina nguvu, lakini inachanganya mambo mawili. Mshahara hulipia saa za kazi. Tarehe 25 Desemba haifanani na siku nyingine, na ndiyo sababu sisi wenyewe tunaitaka sana. Tukisema kwamba kwake ni siku kama siku nyingine, tunamaanisha kwamba yeye hana mama anayemngoja, wala ua unaofagiliwa ajili yake. Immanuel Kant alifundisha kwamba ni kosa kumtumia binadamu kama chombo tu, bila kumheshimu kama mwenye malengo yake. Kumlipa mtu hakutoshi kumwondoa katika hali ya chombo. Hata jembe hununuliwa.

Wengine watasema kwamba kumrudisha kwao kunaweza kumuumiza. Nauli ya Desemba ni kubwa, na pengine yeye mwenyewe angependa kubaki apate pesa ya kumlipia mdogo wake karo. Hoja hii naiheshimu zaidi, kwa sababu inamfikiria yeye. Lakini haituruhusu kuamua kwa niaba yake. Inatudai tumuulize, na tumuulize kwa namna inayomwezesha kujibu “nataka kwenda” bila kuogopa kupoteza kazi. Akichagua kubaki, alipwe zaidi kwa siku hiyo na apewe siku nyingine za kwenda kwao. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apumzike angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Ikiwa dunia imekubali kwamba anastahili pumziko katika wiki ya kawaida, itakuwa ajabu kumnyima katika wiki ya sherehe.

Pingamizi la tatu linatoka nyumbani kwetu hasa. Mama zetu nao hupika siku nzima, tena kwa furaha, na hakuna anayewahurumia. Sitaki kuidharau furaha hiyo. Mtu anayetoa jasho lake kwa hiari anatoa zawadi, na zawadi haipaswi kuitwa dhuluma. Hata hivyo, hiari ina kipimo chake: je, anayetoa anaweza pia kukataa? Mama akisema, “Mwaka huu nimechoka, pikeni ninyi,” nini kitatokea? Kama watoto wa kiume na wa kike watainuka na kushika visu, basi upishi wake wa kila mwaka ulikuwa zawadi. Kama watamkasirikia na kusema Krismasi imeharibika, basi walichokuwa wanapokea kilikuwa kodi, nao wakakiita upendo.

Dini zetu zililiona jambo hili zamani. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati haiishii kwa mwenye nyumba. Inamtaja mtumwa wa kiume na wa kike, ili nao wapumzike kama bwana wao. Katika Hadithi za Mtume Muhammad kuna mafundisho kwamba mtumishi akikuletea chakula, umkalishe ale nawe, na kama si hivyo umpe walau tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyelivumilia joto lake. Mafundisho yote mawili hayapigi marufuku karamu. Yanauliza tu kama karamu imemfikia aliyeiandaa.

Kwa upande mwingine, historia ya falsafa inatuonya. Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa wa kuishi vizuri, na wengi wetu tunakubaliana naye. Lakini wasaa wa raia wa Athens ulitegemea kazi ya watumwa, naye akatafuta hoja za kuuhalalisha utumwa huo. Mtu mwenye akili kubwa kiasi hicho alikula kivulini bila kumwona aliyekuwa juani. Sisi wanafunzi tunaorudi nyumbani Desemba tukiwa tumesoma maadili kwa muhula mzima, tusijione kuwa tumeepukana na upofu wa namna hiyo.

Basi sisemi kwamba tuache kupika, au kwamba tununue chakula hotelini ili dhamiri zetu zitulie. Hotelini nako kuna mtu jikoni siku ya Krismasi. Ninachosema ni kwamba raha ya sikukuu ya nyumbani huwa njema pale tu ambapo kila aliyeichumia anaweza kuketi ndani yake. Mwenye nguvu amenye matoke, vijana wa kiume waoshe sahani, na anayetaka kwenda kwao aende mapema kabla nauli haijapanda. Anayebaki aulizwe kwao wanakula nini, nacho kipikwe.

Kipimo chake ni rahisi, na hakihitaji shahada. Kabla ya kufunga jani la mwisho, tuhesabu vifurushi. Tukikuta kwamba idadi inalingana na wageni na watu wa familia peke yao, tujue bado kuna kimoja hatujakifunga.