Nukta Kwenye Rada

Programu za kompyuta zinazoiga urubani wa kivita, kama DCS World, hupendwa kwa sababu hujitahidi kufuata ukweli. Wachezaji hubishana sana juu ya kombora la Phoenix la ndege ya F-14: je, kweli lifike zaidi ya kilomita 150 kama lilivyosifiwa? Inategemea. Injini yake huwaka chini ya dakika moja. Kisha kombora huenda kwa kasi iliyobaki, na hewa nzito ya chini huipunguza upesi. Adui akigeuka na kukimbia, huenda lisimfikie. Mwaka 1999 Marekani ilirusha makombora hayo dhidi ya ndege za Iraki, yakakosa.

Naheshimu ubishi huo. Kupenda kipimo cha haki ni jambo jema.

Lakini katika mchezo huo, mtu aliye mbali ni nukta tu kwenye rada. Tusiseme hapo mchezo umedanganya, maana rubani wa kweli naye huona nukta hiyo hiyo. Hapo ndipo mchezo ulipo wa kweli kuliko pote, na ndipo tunapopaswa kuogopa. Kaini alimwua Habili akimwona uso, na bado Mungu alimwuliza habari za ndugu yake. Je, umbali utatuondolea swali hilo?

Sisemi kucheza ni dhambi. Ila kijana anayejua hesabu zote za kombora na hajawahi kujiuliza ndani ya nukta ile angekuwamo nani, bado hajaujua ukweli wote.