Saa Iliyo Ndani ya Mvuvi

Saa hii boti za omena zinarudi ufukweni Usenge. Wavuvi wamekesha ziwani, taa zao zikiwavuta omena gizani, na sasa wanautafuta usingizi jua likichomoza.

Lakini ndani ya ubongo, nyuma ya macho, kuna saa ya mwili, fungu dogo la seli linalopima mchana na usiku kwa mwanga. Giza likiingia, melatonini hutoka kwa wingi, homoni inayoutayarisha mwili kulala. Kuelekea asubuhi homoni nyingine, kotisoli, hupanda, tuamke na nguvu. Mwaka 2017 Wamarekani Hall, Rosbash na Young walipata Tuzo ya Nobeli kwa kufichua jeni zinazoendesha saa hiyo. Hata kongosho lina saa yake: ugali wa saa nane usiku hupandisha sukari ya damu kuliko ugali uleule ukiliwa asubuhi.

Hilo linaniuma, maana anayekesha ndiye anayetulisha. Enyi wa nyumbani, fungeni pazia, watoto wachezee mbali, mvuvi alale. Na mvuvi mwenye kisukari au presha, ukifika kliniki mweleze daktari kwamba unafanya kazi usiku, na saa unazokula.