Mechi ni ya Nani?

Tarehe 21 Januari 2024, mjini San-Pedro nchini Ivory Coast, Tanzania na Zambia zilitoka sare ya 1-1 katika Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON). Simon Msuva alitangulia kufunga, Patson Daka akasawazisha dakika ya 88, Zambia wakiwa wamebaki kumi uwanjani. Kwa Ndalambo, kata ya wilaya ya Momba, hiyo ilikuwa mechi ya majirani: mpaka wa nchi hizo mbili, kati ya Tunduma na Nakonde, hauko mbali, na Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili. Hata hivyo, siku chache kabla ya mashindano, mteja wa DStv hakuwa na hakika kama angeona chochote, kwa kuwa haki za matangazo zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo, na SuperSport ya DStv ilifikia makubaliano nayo dakika za mwisho. Ligi yetu iko Azam, ya Uingereza iko DStv, tamthilia ziko Netflix, na kila mlango una kifurushi chake. Watu hulalamikia bei. Mimi naona kuna swali lililotangulia bei: kinachouzwa hapo ni mali ya nani?

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1958, Mali ya Taifa, alijenga hoja kwamba mtu humiliki kwa haki kile alichokitolea jasho. Ardhi hakuiumba yeyote, hivyo mtu ana haki juu ya kazi aliyoifanya kwenye ardhi, si juu ya ardhi yenyewe. Kwa kipimo hicho, tamthilia ni ya aliyeitengeneza, na Netflix ina haki ya kuitozea malipo, ingawa tangu mwaka 2023, ilipobana matumizi ya nywila moja nje ya kaya, imejipa pia mamlaka ya kuamua nani ni wa nyumbani kwako, jambo ambalo ukoo wa Kiafrika hauwezi kulikubali kirahisi. Mechi ya timu ya taifa ni kitu kingine. Kamera, satelaiti na koo la mtangazaji ni jasho la kampuni, nalo lilipwe. Lakini thamani ya zile dakika tisini inatokana na mamilioni ya watu kuijali timu moja kwa wakati mmoja, na hamu hiyo hakuna kampuni iliyoipanda. Anayefunga mechi hiyo kwa king'amuzi anawauzia watu kazi yake pamoja na shauku yao wenyewe.

Utasema: bila fedha za matangazo mpira unakufa. Ni kweli kwamba mkataba wa Azam wa mwaka 2021, wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, uliziinua klabu zetu, na kuhusu ligi sina ugomvi. Klabu ndizo zinazotengeneza mchezo ule. Timu ya taifa huvaa bendera ya wote. Sheria ya utangazaji ya Uingereza ya mwaka 1996 inalinda matukio kama Kombe la Dunia yasifichwe nyuma ya malipo, na ligi ya huko haikufilisika, bali ndiyo tajiri kuliko zote duniani. Mwingine atasema kibanda umiza, kile cha kutazamia mpira kwa pamoja, kimeshamaliza tatizo: kadi moja, mabenchi mengi. Kimelipunguza, sikatai. Lakini kifurushi cha nyumbani kinapotumika kibandani, haki ya maskini inasimama juu ya mkataba uliovunjwa, na usiku wa mechi mabenchi yale ni ya wanaume zaidi kuliko mama na watoto. Wa tatu atasema mpira ni anasa tu. Hata wimbo wa taifa haushibishi, wala hatujawahi kuutozea kiingilio.

Kenya, Uganda na Tanzania zimepewa uenyeji wa AFCON ya 2027. Wenye dhamana ya utangazaji na watutajie mapema, kabla vifurushi havijaanza kuuzwa, ni chaneli ipi isiyo ya malipo itakayoonyesha kila mechi ya timu yetu ya taifa, Taifa Stars, na wahakikishe mawimbi yake yanafika Ndalambo.