Umbali na Wajibu

Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii humwonya mtu asikose barazani mambo yake yanapoamuliwa. Walakini ukiitazama biashara ya mataifa, ewe msomaji, utaona kwamba wengi hukosekana pasipo kosa lao, maana bahari na mabara yako kati yao na wale waamuao. Je, haki ya mtu hupungua kwa kadiri ya maili alizo mbali nasi? Swali hili lastahili kufikiriwa na kila anunuaye na kila auzaye.

Zamani umbali ulipimwa kwa pepo. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja pwani yetu kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi. Nahodha aliyetia nanga Lamu au Mombasa hakuweza kuondoka siku aipendayo. Alingoja upepo ugeuke. Katika kungoja huko alikula na wenyeji, akakopa na kukopesha, akajulikana kwa jina. Aliyepunja mizani alijua kwamba msimu ujao atakutana na macho yale yale. Sisemi kwamba biashara ile ilikuwa safi. Majahazi yalichukua watumwa pia, na kuonekana kwao hakukuwaokoa. Nasema tu kwamba muuzaji na mnunuzi walijuana.

Siku hizi maili ni zile zile, lakini muda umefupishwa. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, zikafuata meli kubwa, ndege na simu. Waridi likatwalo Naivasha hufika Uholanzi lingali bichi. Mwezi wa Aprili mwaka 2010 mlima wa volkeno ulilipuka huko Iceland, majivu yake yakafunga viwanja vya ndege vya Ulaya kwa siku kadhaa. Maua ya Kenya yalitupwa, na vibarua wengi wakakosa kazi. Moto wa nchi ambayo hawajapata kuiona uliwanyima ujira wao. Hapo twaona jinsi tulivyofungwa pamoja na watu tusiowajua.

Ikiwa hasara yaweza kuvuka bahari, je, wajibu hauwezi? Tazama yaliyotokea Savar, karibu na mji wa Dhaka, nchini Bangladesh. Palikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza, lenye viwanda vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Marekani. Tarehe 23 Aprili 2013 nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwamo iliwazuia watumishi wake wasiingie. Washonaji waliamriwa kurudi kazini. Kesho yake jengo liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 1,100. Wanunuzi wa mbali hawakuziona nyufa zile. Walichokijua ni bei ya shati na siku ya kupakia mzigo.

Yuko atakayesema, "Mimi nalipa bei tuliyopatana. Mambo ya kiwandani ni ya mwenye kiwanda na serikali yake. Nitawezaje kuchunguza kuta za nchi nyingine?" Neno hili lina sehemu ya kweli, kwani mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuwa na njia ya kulijua. Lakini kutojua ni namna mbili: kuna kutoweza kujua, na kuna kutotaka kuuliza. Mwezi haukutimia baada ya msiba ule, makampuni mengi ya Ulaya yalitia sahihi mapatano na vyama vya wafanyakazi ili viwanda vya Bangladesh vikaguliwe. Bahari haikuwa imepungua hata wimbi moja. Lililosemwa kuwa haliwezekani liliwezekana, ila wafu walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hata hivyo, wajibu haulingani kwa wote. Kampuni iwezayo kukagua uzito wa kitambaa na rangi ya kifungo yaweza pia kukagua ukuta. Mnunuzi wa shati moja hana uwezo huo, lakini ana ulimi wa kuuliza.

Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la Wazungu peke yao. Shati lililoshonwa Bangladesh na kuvaliwa Ulaya huenda likaishia katika mitumba ya Gikomba, nawe ukalinunua kwa furaha. Sisi ni wauzaji wa maua na chai, tutakao wageni watujali. Nasi ni wanunuzi pia. Haki tuidaiyo kwa walio mbali ndiyo tuwalipayo walio mbali nasi.

Ewe kijana, huenda kesho ukawa mfanyabiashara, mwenye kuagiza shehena kwa simu bila kutoka kitini. Utakapouliza bei na siku ya kufika, ongeza swali la tatu: ni nani aliyeifanya kazi hii, na katika hali gani? Asiyekuwapo hawezi kujisemea. Basi aliyepo na amsemee.