Mwenye Kuandaa Chumba



Kila mwaka, mnamo mwezi wa Julai, matokeo ya Kidato cha Sita hutangazwa, na katika nyumba nyingi za Wakristo lazuka shauri zito. Huko Mtwara, Mikindani, na katika vijiji vya pwani hadi Msimbati, karibu na mlango wa mto Ruvuma, shauri hilo huja wakati baba angali akiihudumia mikorosho yake kwa salfa. Naye ajua wazi kwamba fedha ya chuo itatoka katika mnada wa korosho, wala si mahali pengine. Kijana akisema ataka kuwa daktari, mwalimu au mhandisi, wazee hushukuru. Lakini akisema, "Baba, nataka kusomea sanaa za maonyesho, nijifunze kubuni jukwaa," nyumba yote hunyamaza. Mwisho baba huuliza: "Tuuze korosho ili wewe ukacheze?"

Swali hilo si la kubezwa. Aliyelitoka jasho shamba ana haki ya kuuliza jasho lake laenda wapi. Basi leo twataka kulijibu mbele ya Mungu, pasipo kumpendelea mzazi wala kijana.

Kwanza yafaa kuijua kazi yenyewe. Mbunifu wa jukwaa si mchezaji. Yeye ndiye atengenezaye mahali ambapo wachezaji wataonekana. Hupewa mchezo ulioandikwa, akausoma mara nyingi; hupima urefu na upana wa jukwaa; huchora; hujenga kwa karatasi ngumu mfano mdogo wa jukwaa zima, ili kosa ligunduliwe mezani kabla ya kununua mbao. Huchagua mandhari, yaani kile ambacho watazamaji watakiona nyuma na kando ya wachezaji. Huchagua maleba, yaani mavazi yao. Hushauriana na fundi wa taa juu ya mwanga wa alfajiri na giza la usiku. Tena hufanya hesabu, kwa kuwa fedha ya mchezo haizidi kamwe. Na mchezo uanzapo, yeye yuko gizani. Makofi hupigiwa wengine.

Je, kazi ya namna hii ina nafasi katika mpango wa Mungu? Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Mungu alipotaka Waisraeli wamjengee hema jangwani, hakumwachia Musa ajibunie mwenyewe. Alimwita kwa jina fundi mmoja wa kabila la Yuda, Besaleli mwana wa Uri, akamjaza Roho wake ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito na kuchonga miti. Akampa na mwenzake, Oholiabu wa kabila la Dani. Na katika sura ya 35 twaambiwa kwamba wawili hao walipewa ufundi wa kudarizi na kufuma, na tena moyo wa kuwafundisha wengine. Tulitafakari jambo hilo. Roho wa Mungu ametajwa hapo juu ya mtu mwenye patasi na sindano! Basi asiseme mtu kwamba akili ya mikono ni akili ya chini.

Tena tuikumbuke Alhamisi Kuu. Bwana wetu aliwatuma Petro na Yohane watangulie mjini wakaandae Karamu ya Pasaka. Walikuta chumba kikubwa cha juu, kimekwisha tandikwa. Nani alikitandika? Injili haikumtaja jina. Lakini katika chumba hicho Ekaristi Takatifu iliwekwa. Mtu yule alitengeneza mahali, akaondoka, na Kristo akapatumia. Hiyo ndiyo heshima ya kazi ya kuandaa, na ndiyo kipimo chake: afanyaye kazi hii ili aonekane yeye, amekosea mlango.

Wala watu wa kusini wasidhani kwamba jambo hili ni geni lililoletwa na meli. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma ni mafundi wa maonyesho tangu zamani. Ulimwengu wawajua kwa vinyago vya mpingo. Lakini kabla ya biashara ya vinyago hivyo walikuwako mapiko wa ngoma za jando na unyago. Fundi wa mapiko huchonga mti mwepesi, si mpingo, kwa sababu kichwa cha mchezaji lazima kiweze kuubeba. Hutia nywele za kweli, huweka chale kwa nta, na kuupa uso tabia ya mtu fulani. Mchezaji huuvaa kichwani kama kofia, akatazama kupitia tundu la mdomo, na mwili wake wote hufunikwa nguo asitambulikane. Uzito, uso, vazi, njia ya kuona: fundi huyo ameyafikiri yote. Mwalimu wa chuo kikuu angemwita mbunifu wa maleba.

Twajua kwamba si kila kilichofanyika katika ngoma hizo chamfaa Mkristo. Zamani lipiko aliambiwa wanawake na watoto kuwa ni mzimu, ili waogope. Kutisha watu kwa uongo si jambo la kutetea. Lakini ufundi ni kitu kimoja, na matumizi yake ni kitu kingine. Besaleli alijenga Hema Takatifu kwa dhahabu. Katika jangwa lile lile, dhahabu ya watu wale wale ilisubuliwa ikawa ndama ya sanamu. Dhahabu haikuwa na kosa.

Basi kijana wa leo atajifunza wapi? Katika Dar es Salaam, idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa chuoni mwaka 1967. Hapo alipita Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, mtu wa pwani hii ya kusini, ambaye tamthilia yake Kinjeketile, juu ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, ilichapishwa mwaka 1969. Katika mchezo huo Kinjeketile huingia mtoni na kutoka tena. Mto Rufiji hauwezi kuletwa ndani ya ukumbi! Je, utauonyesha kwa kitambaa, kwa mwanga, kwa sauti ya ngoma, au kwa macho tu ya watu waliosimama ukingoni? Mwanafunzi akilijibu swali hilo vema, amejifunza kazi. Huko Bagamoyo nako kuna chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni mwaka 2007. Hapo hufundishwa pamoja na mengine ufundi wa jukwaa. Kwetu ubunifu wa jukwaa husomwa zaidi ndani ya masomo mapana ya maonyesho. Kwa hiyo kijana ajue kwamba atajifunza pia kuigiza na kuongoza.

Sasa twasema na wazazi. Msimcheke mtoto. Kicheko cha baba huua kipaji kuliko njaa. Lakini pia msimpe fedha kwa sababu ya machozi yake. Mjaribuni. Mpelekeni kwa paroko, aombe kazi ya kutengeneza pango la Noeli, au igizo la Mateso ya Bwana siku ya Ijumaa Kuu. Apewe fedha kidogo, naye alete hesabu yake. Kisha tazameni mambo matatu. Je, alimaliza kwa siku iliyowekwa? Je, alisikiliza alipokosolewa? Je, vitu vya watu, nguo, mbao na misumari, alivirudisha? Akishinda katika hayo, mwana huyo si mvivu mwenye ndoto, ni mfanyakazi. Akishindwa, mmeiokoa fedha ya misimu kadhaa, naye amejijua mapema. Na kama ni binti, msimnyime kwa sababu ni binti. Ila chunguzeni atalala wapi na atarudi na nani, kwa maana mazoezi ya michezo huisha usiku, na Mtwara ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam.

Mtu asifikiri kwamba mchezo wa parokia ni jambo dogo. Katika nchi ya Ujerumani, mkoani Bavaria, kipo kijiji kiitwacho Oberammergau. Mwaka 1633, wakati wa tauni, wanakijiji waliweka nadhiri kwamba watacheza Mateso ya Kristo. Wakaanza mwaka 1634, na hata sasa huucheza mchezo huo kwa kawaida kila miaka kumi. Ule wa mwaka 2020 uliahirishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, ukachezwa mwaka 2022. Na watu wa kijiji hicho wasifiwa kwa kazi gani? Kwa kuchonga miti! Ni kutoka Bavaria hiyo hiyo, katika monasteri ya Mtakatifu Ottilia, walikotumwa Wabenediktini waliofungua misioni ya Ndanda mwaka 1906. Wachongaji wale wameitumikia Injili kwa patasi zao karibu miaka mia nne. Wachongaji wetu wana upungufu gani?

Nanyi vijana, sikilizeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Msidanganywe na picha za watu maarufu. Kazi hii huja kwa vipindi: mwezi huu mchezo, miezi miwili kimya. Kwa hiyo kila mmoja awe na ufundi wa pili wa kumlisha: ushonaji, useremala, umeme au uchoraji. Tunzeni michoro na picha za kila kazi mliyoifanya, kwa kuwa atakayewaajiri atataka kuona, si kusikia. Msianze kazi pasipo mapatano yaliyoandikwa. Mchoro wako ni mali yako, na nchi yetu ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Fungeni taa na mbao kwa uangalifu, maana roho ya mwenzenu yasimama chini yake. Na ikija siku mtakapolipwa vizuri ili kuandaa mahali pa kumdhalilisha msichana au kupamba uongo, kumbukeni ndama ya dhahabu, mkatae.

Mtakatifu Yohane Paulo II aliwahi kuwa mchezaji. Mwaka 1941, nchi yake ya Poland ikiwa chini ya jeshi la kigeni, yeye na wenzake walicheza michezo kwa siri majumbani, karibu bila mandhari yoyote, na wangalishikwa wangaliweza kuuawa. Kijana huyo alikuja kuwa Baba Mtakatifu, na tarehe 4 Aprili 1999 akawaandikia wasanii barua. Alifundisha humo kwamba si wote walioitwa kuwa wasanii, lakini kila mtu amekabidhiwa maisha yake mwenyewe ayatengeneze yawe kazi njema.

Neno la mwisho ni kwa parokia zetu. Twawaita vijana hawa watupambie kanisa, watushonee mapazia, watujengee pango. Halafu twawalipa kwa chai. Haifai. Mtenda kazi astahili ujira wake. Tukitaka wazazi wa Mtwara waamini kwamba ufundi huu ni kazi, sisi tuwe wa kwanza kuulipa kama kazi.

Mwenyezi Mungu, aliyezitandaza mbingu na kuipamba nchi kabla ya kumweka mtu ndani yake, awajalie wazazi busara na vijana uvumilivu; na kila mwenye kuandaa chumba aandae kana kwamba Bwana mwenyewe atakuja jioni.