Mrithi na Msumeno: Juu ya Gari la Kale na Uasili Wake

Plutarch amesimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya Theseus kwa kuzitoa mbao zilizooza na kutia nzima mahali pake, hata wanafalsafa wakagawanyika: hawa wakasema merikebu ni ile ile, wale wakasema siyo. Katika karne ya 17 Thomas Hobbes akaliongezea swali hilo uzito: je, mtu akiziokota mbao zote kuukuu na kuziunga upya kama zilivyokuwa, ipi kati ya merikebu mbili hizo itakuwa ya Theseus?

Kwa watu wa pwani swali hilo si geni. Jahazi hupandishwa ufukweni, likatolewa mbao mbovu, likatiwa kalafati mpya, kisha likarudi majini na jina lake. Lakini jahazi hilo limerudishwa lilivyokuwa. Jambo huwa zito zaidi pale fundi asiporudisha, bali anapogeuza.

Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari la michezo ambalo jamii yake ilitolewa na Nissan mwaka 1969. Afrika Mashariki ina sababu ya kulikumbuka: ndilo lililoshinda mbio za Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Lofty Drews. Lilitoka kiwandani na injini ya silinda 6 yenye ujazo wa karibu lita 2.4, na rimu zake zilikuwa na upana wa inchi 4.5 tu.

Leo anayelipata gari hilo hulipata limeliwa. Bati lake linajulikana kwa kushika kutu, hasa sakafuni. Hivyo hata mwenye nia ya kulihifadhi hana budi kukata bati bovu na kuchomelea jipya. Mwingine huenda mbali zaidi: hutia injini ya lita 2.8 iliyotoka kwa ndugu yake wa baadaye, kisha akaagiza rimu za inchi 8 au 9. Rimu hizo, zikivishwa tairi zake, aghalabu hazienei chini ya madigadi ya awali. Hapo ndipo msumeno huletwa, midomo ya madigadi ikakatwa na mapana yakapachikwa juu yake.

Wahafidhina husema huo ni uharibifu. Gari la kale, kwao, ni amana. Aliyenalo leo amelishika tu kwa ajili ya atakayekuja. Wageuzaji hujibu kwamba chombo kiliumbwa kiende, si kitazamwe, na kwamba hiyo inayoitwa asili haikuwa moja tangu mwanzo. Na kweli, mwaka 1971 Nissan yenyewe iliuza Japani aina ya 240ZG, yenye pua ndefu na madigadi yaliyotanuliwa. Rimu nyembamba hazikuwa wahyi; zilikuwa uamuzi wa kiwanda kilichopima bei, soko na tairi za wakati wake.

Mpenzi wa ushairi ataisikia hapa sauti anayoijua. Miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, Waswahili walibishana kwa ukali kama utungo usio na vina wala mizani unastahili kuitwa shairi. Lakini mlinganisho huo una mpaka wake. Aliyetunga shairi huru hakufuta beti hata moja ya waliomtangulia. Tenzi zilibaki pale pale, na anayezitaka anazipata. Msumeno hauko hivyo. Bati la mwaka 1971 likikatwa, limekatwa.

Aliye karibu zaidi na mgeuzaji wa gari ni mnakili wa miswada. Mnakili akibadili neno katika nakala yake, hajamdhulumu mtunzi maadamu mswada wa kale upo na badiliko limejulikana. Anayekwangua wino wa mswada wenyewe ili aandike lake, huyo amewanyang'anya wote watakaosoma baada yake. Basi tofauti kubwa imo katika uwezekano wa kurudi kuliko katika upya na ukale. Rimu hufunguliwa kwa nati, injini huteremshwa, na ya zamani ikawekwa kando ikisubiri. Madigadi yaliyokatwa hayasubiri kitu.

Kanuni hiyo haitoshelezi kila hali. Kuna bodi ambayo kutu imekwisha kuichukua nusu, wala hakuna mhifadhi anayeitaka. Ikimngojea mwaminifu wa asili, itageuka vumbi. Anayeikata hiyo na kuipa magurudumu mapana ameokoa zaidi ya alichoharibu. Ila naye ana deni la ukweli: asije akaiuza kesho kwa jina la gari lisiloguswa. Ana pia deni la elimu, kwani upana si heri tupu. Gurudumu lililosogezwa nje huzidishia beringi mzigo na kuutia usukani uzito, na tairi pana huelea upesi zaidi juu ya maji ya mvua. Aliyetanua kwa ajili ya macho ya watu pekee amelipa gari sura na kulipunguzia mwendo salama.

Umiliki, kwa hiyo, haulijibu swali lote. Kwa kawaida sheria humpa mwenye gari haki ya kulikata. Lakini kitu kilichodumu zaidi ya miaka 50 kimeshapita mikono mingi, na kingali na mikono ya kupita. Kabla ya kuuwasha msumeno, mwenye nacho hana budi kuwahesabu pia warithi ambao hawajazaliwa, kwa kuwa hao ndio wasioweza kuja karakanani kusema neno lao.